Kuchagua Safu Tunapounganisha Majedwali

Mwalimu wetu wa kompyuta ameniagiza nieleze katika gazeti hili kwa nini orodha za mabweni zinazobandikwa ubaoni siku hizi ni nyembamba, hali zamani zilijaza karatasi mbili zilizoungwa kwa gundi. Sababu yake ni kosa langu mwenyewe. Mwenzangu niliyemkosea amenipa ruhusa kulisimulia, ila jina lake nisilitaje.

Kwanza yafaa mjue kanzidata ya shule ilivyo. Ni madaftari yale yale ya zamani, ila yamo ndani ya kompyuta, na kila daftari huitwa jedwali. Jedwali lina mistari, na katika jedwali letu la kwanza, liitwalo wanafunzi, kila mstari ni mwanafunzi mmoja. Tena lina safu zinazoshuka toka juu hata chini, na kila safu ni jambo moja: namba, jina, kidato, kijiji, bweni. Jedwali la pili laitwa mabweni, nalo lina namba ya bweni, jina lake na idadi ya vitanda. Katika jedwali la wanafunzi hatukuandika jina la bweni, bali namba yake tu; kwa hiyo bweni likipewa jina jipya twasahihisha mahali pamoja, wala si kwa kila mwanafunzi. Utaratibu huu wa majedwali ulielezwa mwaka 1970 na Mwingereza mmoja, Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani.

Basi ukitaka kujua nani analala wapi, hapana budi uyaunganishe majedwali mawili. Karani wa zamani angeweka madaftari yote mawili mezani, kidole cha kushoto juu ya namba ya bweni katika daftari la kwanza, cha kulia kikitafuta namba hiyo hiyo katika la pili. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, ila upesi. Amri zake ni maneno ya Kiingereza, nayo niliyoiandika Januari 2024 ilikuwa hii:

SELECT *
FROM wanafunzi JOIN mabweni
ON wanafunzi.bweni = mabweni.namba;

Mstari wa mwisho ndio vile vidole viwili. Mstari wa kwanza ndio wa kuchagua safu, na ile nyota maana yake ni "zote". Niliiweka kwa uvivu tu, maana kuandika nyota moja ni rahisi kuliko kutaja safu moja moja.

Taabu ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Majedwali yote mawili yana safu iitwayo jina. Kwa hiyo jibu lilitoka na safu mbili za jina, moja ya mtu na moja ya bweni. Jicho la binadamu laweza kuzitenga, lakini programu yangu ndogo ya kuchapa ilikuwa ikitafuta safu kwa jina lake, ikaweka la pili juu ya la kwanza. Asubuhi ubaoni pakawa na wanafunzi waitwao Kalambo watupu, kisha chini yao Mbizi watupu! Hata leo wako wanaoniita Bwana Kalambo. Nikaitengeneza programu isome safu kwa nafasi yake, nayo nyota nikaiacha pale pale.

Mwezi wa Aprili Matroni aliomba iongezwe safu ya afya katika jedwali la wanafunzi, apate kujua usiku nani anahitaji dawa gani. Ikaongezwa, na lilikuwa jambo jema. Amri yangu hakuna aliyeigusa. Mwishoni mwa Mei, karibu na kufunga shule, nilichapa orodha ya vitanda kama kawaida, nikaibandika jioni bila kuisoma, kwa kuwa baridi ilikuwa kali na nilikuwa na haraka ya kurudi ndani.

Kesho yake, kabla ya kwenda mstarini, nilimkuta rafiki yangu mmoja, kijana wa kutoka bondeni Ziwa Rukwa, amesimama mbele ya ubao kimya. Mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa "kifafa". Neno hilo alimwambia Matroni peke yake. Niliibandua karatasi ile kwa mikono yote miwili, lakini wengi walikwisha kuisoma. Usiku ule wenzake wawili walisogeza vitanda vyao mbali na chake, ingawa kifafa si ugonjwa wa kuambukiza. Yeye hakunigombeza. Aliniuliza tu nani aliyeniambia niandike vile, nami sikuwa na jibu, kwa sababu sikuandika. Nilikuwa nimeiambia kompyuta ilete zote.

Na hapa ndipo penye kiini cha maelezo yangu. Nyota haina maana ya safu zote ulizoziona siku ile ulipoandika amri. Ina maana ya safu zote zitakazokuwapo siku amri itakapotumika. Jedwali likiongezewa safu, orodha zote zenye nyota huongezeka nazo bila ya mtu kuuliza.

Amri tunayotumia sasa ni hii:

SELECT w.jina AS mwanafunzi, w.kidato, m.jina AS bweni
FROM wanafunzi AS w JOIN mabweni AS m
ON w.bweni = m.namba
ORDER BY m.jina, w.jina;

Herufi w na m ni majina mafupi ya majedwali, na nukta yasema safu ni ya jedwali lipi. Neno AS laipa safu kichwa kipya, basi majina mawili hayagongani tena. Ukiandika jina bila herufi na nukta, SQLite, ambayo ndiyo programu tunayotumia, hukataa kabisa na kusema kwamba haijui wataka lipi. Naupenda ukali huo. Nyota ilipita bila kuulizwa kitu.

Angalieni pia kwamba m.namba na w.bweni zimefanya kazi ya kuunganisha, lakini hazikuchapwa. Wenzangu wengi hudhani safu isiyochapwa haiwezi kutumika. Sivyo. Walakini msidhani kupunguza safu kwapunguza mistari. Mwenzetu mmoja aliunganisha wanafunzi na jedwali la alama, kisha akaiondoa safu ya somo. Kila jina likatoka mara tisa, kwa kuwa kila mmoja ana masomo tisa. Hapo neno DISTINCT lafaa.

Wazazi wanaosoma gazeti hili wamekwisha kuiona kazi hii pasipo kujua. Matokeo ya Kidato cha Nne ambayo Baraza la Mitihani la Tanzania huyatangaza kwenye intaneti yana namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja na masomo. Jina halimo. Tena tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo yazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Mimi niliisikia sheria hiyo baada ya kosa langu.

Mwalimu ameihamisha safu ya afya katika jedwali la peke yake, afunguaye ni Matroni tu. Muhula wa pili nilipochapa orodha mpya, nilimpelekea rafiki yangu kwanza aitazame. Akahesabu safu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Kisha akaniambia kwamba bweni lake limeandikwa Kalambo, hali yeye amehamia Mbizi tangu tulipofungua.