Parke ya michezo na apareyi kubwa ya foto: kuibeba ao kuiacha chumbani?



Kila mwaka kuna wenzetu wanaopata bursi ao staji ya kwenda Ubelgiji. Sisi wa agronomia, mara mingi tunafikia Gembloux, mji mdogo wenye masomo ya agronomia tangu 1860 na ambao fakilte yake leo ni ya Université de Liège. Haikawie, mtu mmoja wa kikundi anasema: «Siku ya posho twende Walibi.» Hapo njo swali linaanza kwa mwenye apareyi ya refleks, ile wanaita DSLR: niibebe ao niiache chumbani?

Swali hilo nililipata wakati wa staji yangu ya miezi mitatu. Ninawaandikia namna nilivyolihesabu, juu wengine wenu mutaenda, na juu hesabu ni ile ile hata kwa sortie ya chama hapa kwetu.

Watu wengi wanajibu kwa kuangalia uzuri wa foto tu. Refleks inapiga foto nzuri, basi ibebe. Kwangu mimi jibu linatoka kwa maswali mawili mengine: foto itafanya kazi gani, na nani atashika apareyi wakati mikono yako mwenyewe imekamata chuma ya maneje?

1. Mbele ya yote: apareyi ni ya nani?

Apareyi ninayotumia si yangu peke yangu. Tuliinunua watu watatu na pesa ya likirimba, dola 450, mkono wa pili. Nyumbani inafanya kazi: ndoa, ubatizo, kolasio za wenzetu. Niliibeba Ubelgiji juu staji yangu ilikuwa ya magonjwa ya majani, na wenzangu walikubali kwa sababu ya kazi hiyo. Kuipeleka kwa mchezo ni jambo lingine.

Ndoa moja inatuachia karibu dola 30 safi. Maana yake apareyi ikianguka chini, ni ndoa 15 zinaanguka nayo, na wenye mali wawili hawatakuwa hata pale parkeni. Kwa hiyo niliwaandikia wote wawili. Mmoja alijibu: «Apareyi ilienda kusoma, haikuenda kucheza.» Mwingine, dada yetu anayetupita umri, alisema: «Ibebe, lakini utuambie kwanza nani ataishika.» Jibu la dada njo lilinifungua akili. Hakuuliza kama foto itakuwa nzuri. Aliuliza juu ya mikono.

2. Jua pale unaenda

Walibi iko Wavre, si mbali na Gembloux. Unapanda treni paka Ottignies, unabadilisha ile ya upande wa Leuven, unashuka kituo cha Bierges-Walibi, kisha unatembea kidogo. Ilifunguliwa mwaka 1975 na mfanyabiashara Eddy Meeùs, na jina lake linatoka kwa mahali patatu: Wavre, Limal na Bierges.

Ndani kuna maneje za kila namna, zile mashini za kuzungusha na kurusha watu. Kondaa, iliyofunguliwa 2021, inapanda mita 50 na inafika kilometa 113 kwa saa. Pulsar inaingia ndani ya maji kwa nguvu. Radja River inakubeba kama mtoni, na unatoka nguo zimelowa. Loup-Garou ni ya mbao, inatikisa mtu mpaka mifupa.

Sasa fikiria apareyi ndani ya siku kama hiyo. Refleks ndogo sawa Canon 2000D iko na gramu 475 bila objektifu. Ukiweka ile ya kawaida ya 18-55 unakaribia gramu 700. Shingoni, asubuhi, si kitu. Lakini juu ya maneje ya kilometa 113 kwa saa, kitu cha gramu 700 kikichomoka ni jiwe linalotupwa kwa watu. Ni sababu hiyo kwa maneje kali vitu visivyofungwa haviruhusiwi. Simu inaingia ndani ya mfuko wa zipu na mambo yanaisha. Refleks haiingii ndani ya mfuko wowote wa suruali. Kila mara unapopanda, paka mtu mmoja abaki chini nayo, ao iingie ndani ya kabati ya kukodi.

3. Pale refleks inashinda simu, na pale haishindi

Hapa wengi wanadanganyika, basi tupige hesabu.

Ndani ya apareyi kuna kapteri, kile kibao kinachopokea mwanga. Kapteri ya refleks ya namna yetu iko na milimeta karibu 22 kwa 15. Ile ya simu nyingi za beyi ya kati iko na karibu 6 kwa 5. Kwa eneo, refleks iko mbele karibu mara 10. Lakini mwanga unapita kwanza ndani ya objektifu. Ya simu mara mingi imefunguka f/1.8. Objektifu 18-55 inayouzwa pamoja na refleks, ukivuta zumu mpaka mwisho, inafunguka f/5.6 tu, na hapo inaingiza mwanga mdogo karibu mara 10. Ulichopata kwa kapteri umekirudisha kwa objektifu! Basi usiku, chini ya taa za parke, refleks na objektifu hiyo haikuachii faida kubwa, tena simu ya leo inaunganisha foto mingi kwa haraka ili giza lipungue. Ukitaka refleks ikuonyeshe nguvu yake usiku, unahitaji objektifu kama 50 mm ya f/1.8.

Mahali refleks inashinda kweli ni mchana, kwa kitu cha mbali chenye kukimbia. Chukua Kondaa. Kilometa 113 kwa saa ni mita 31 kwa sekunde. Ukipiga kwa sekunde 1/60, gari inakuwa imetembea karibu nusu mita wakati foto inaandikwa. Uso wa rafiki yako unageuka ukungu. Ukipiga kwa 1/1000, imetembea sentimita 3 tu, na meno yote yanaonekana. Kwa refleks unazungusha kidude kwenye S ao Tv, unachagua 1/1000 mwenyewe. Simu inachagua kwa niaba yako, na mara nyingine inachagua vibaya.

Tena kuna umbali. Ukisimama mita 30 kutoka kwa reli, refleks ya pikseli milioni 24 kwa 55 mm inaupa uso wa mtu karibu pikseli 100 kwa urefu. Simu ya milioni 12, bila zumu, inaupa karibu 20. Pikseli 100 zinatosha mama yako akujue. Na 20, atajua tu kwamba ni mtu.

Kwa mengine yote, yaani foto ya kikundi mbele ya mlango, chakula, selfi kwenye mstari wa kungojea, simu inatosha kabisa.

4. Mikono: nani anashika?

Tulikuwa sita: Wakongo watatu, Mrundi, Mburkinabe mmoja na mama mmoja wa Benin, ambaye alikuwa na miaka karibu mara mbili ya yetu. Mama alikuwa ameisha sema mapema: yeye hapandi kitu kinachopindua tumbo. Wote tukawaza palepale: basi shida imeisha, Mama atashika.

Mimi nilienda kumwuliza siku mbili mbele. «Mama, tukipanda, unaweza kutushikia apareyi?» Akaniangalia. «Mwanangu, mimi nimelipa tiketi sawa ninyi. Sikuja kuwa kabati yenu.»

Alikuwa na haki. Mtu asiyepanda si kwamba hana siku yake. Kisha akaongeza: «Lakini ukinifundisha kuipiga, hapo tutazungumza.» Jioni ile, mbele ya nyumba ya wanafunzi, nilimfundisha mambo matatu: kamba shingoni mbele ya kitu chochote, kidude kwenye S, 1/1000, na kidole kibaki nusu juu ya kifungo paka gari itokee. Alifanya mazoezi juu ya mabaiskeli yaliyokuwa yanapita barabarani. Ya kumi ilikuwa safi.

Hiyo njo ilimaliza mjadala. Kama Mama angekataa, ningeiacha chumbani. Kwa mtu anayebeba apareyi kubwa peke yake, kuna mambo mawili tu: ao hapandi, ao anatembea kutwa nzima akienda na kurudi kwa kabati. Wenye kupiga foto za ndoa munajua: mwenye apareyi ndiye asiyekula. Siku ya mapumziko haistahili kuwa hivyo.

5. Foto itafanya kazi gani?

Jiulize itaishia wapi. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa sana. Apareyi ilikuwa imekupa pikseli 6000 kwa upande mrefu. Umebeba gramu 700 kutwa nzima, na mwenzako anapokea kitu kidogo sana kuliko hicho. Hata foto ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inatoka vizuri na pikseli milioni 2 tu, na simu yoyote ya leo inazipita. Kama unataka foto kubwa ya ukutani, sentimita 30 kwa 45, hapo pikseli karibu milioni 19 zinaombwa, na refleks inajibu vizuri.

Kuna kazi nyingine ya foto ambayo hatuisemi sana. Foto inasema nyumbani namna unavyoishi. Foto kali yenye rangi safi, wewe unacheka ndani ya maneje, inafika kwa mjomba anayengoja umusaidie kulipa minervali ya mtoto. Yeye haoni kwamba ulikula mkate na sardini wiki nzima ili upate tiketi. Sisemi mufiche furaha. Ninasema: chagua nani apokee foto gani, na uandike neno moja chini yake. Mimi niliandika: «Siku moja ya mapumziko, na wenzangu wa staji.» Ilitosha.

Na sura za wengine? Ubelgiji inalinda haki ya mtu juu ya sura yake. Ukitaka kutangaza foto ambayo mtu anajulikana ndani, unaomba ruhusa yake. Na parke imejaa watoto wa watu. Objektifu ndefu inaleta nyuso za wageni karibu sana, basi uwe na heshima: chagua foto ambazo ni ninyi tu, zingine ufute.

6. Tuliamua hivi

Apareyi ilifanya kazi saa mbili tu, asubuhi, wakati mwanga ni mzuri na mistari haijawa mirefu. Mama alisimama karibu na Kondaa, sisi tano tukapanda. Kisha tukaifungia ndani ya kabati, na Mama akawa huru, tukazunguka pamoja. Pulsar na Radja River tulizipanda baada ya hapo, bila kuogopa maji. Foto za kutwa yote iliyobaki zilikuwa za simu.

Kwa kifupi, ibebe kama majibu yote manne ni ndiyo: wenye mali wamekubali, kuna mtu anayetaka kweli kuipiga, si kuilinda tu, kuna foto moja unayoijua tayari ambayo simu haiwezi, na kuna mahali pa kuifungia ukimaliza. Jibu moja likiwa hapana, iache chumbani, uende na simu na mfuko wa zipu, na hutakosa kitu.

Foto ya Mama, sisi tano midomo wazi kwenye mteremko wa Kondaa, niliitoa kwa karatasi mara saba: moja kwa kila mmoja wa kikundi, Mama pia, na ya saba kwa nyumba yetu. Apareyi yenyewe ilirudi nzima, na wiki iliyofuata tulikuwa nayo kwenye ndoa.