Mzigo wa askari ni wa nani?

Mtu aliyewahi kusimamishwa njiani na mwenye bunduki, akaambiwa "Beba hii", hasahau. Familia nyingi zilizokimbia vijiji vyao zinalijua jambo hilo. Basi tueleze: askari hubeba vitu vyake namna gani, na kwa nini raia asigeuzwe begi lake?

Askari hubeba nini?

Askari wa miguu anahitaji risasi, maji, chakula na blanketi. Zamani alivifunga kwa mikanda ya ngozi. Mwaka 1908 jeshi la Uingereza lilileta mikanda ya pamba iliyofumwa na kuunganishwa pamoja: risasi 150 mbele, maji pembeni, begi mgongoni. Uzito uligawanyika mabegani na kiunoni, na vyote viliweza kuvuliwa kwa mara moja kama koti. Mwaka 1997 Marekani ilileta mtindo wa MOLLE, ambapo kila askari hupachika mifuko anayoihitaji.

Lakini begi zuri halipunguzi kilo. Mwaka 1950 Mmarekani S.L.A. Marshall aliandika kwamba mzigo mzito humchosha askari na kumzidishia woga.

Na mzigo unaobaki?

Masanduku ya risasi na chakula cha kikosi huhitaji magari. Pasipo magari, vimewekwa vichwani mwa raia. Force Publique ya Kongo ilipoingia Tabora, Septemba 1916, ilitegemea wapagazi. Katika vita ile walichukuliwa zaidi ya 200,000. Upande wa Waingereza walikufa wapagazi karibu 100,000, wengi kwa magonjwa na njaa. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Sheria inasema nini?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 16, inakataza kazi ya kulazimishwa. Sheria ya vita nayo inakataza kuwatumikisha raia kwa nguvu bila malipo au kwa kuwatesa, hata katika vita vya ndani ya nchi. Inahusu jeshi la serikali na makundi yenye silaha vilevile.

Viongozi wafanye nini?

- Msiwaambie watu wabishane na mwenye silaha njiani. Uhai kwanza.
- Andikeni siku, mahali, kikosi, waliochukuliwa na waliorudi. Karatasi hiyo ifichwe vizuri.
- Mwendeeni kamanda mkiwa wengi, wanawake na wazee wakiwemo, kabla kikosi hakijaanza safari.
- Pelekeni malalamiko kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi au Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeamuru haoni uzito. Aliyeubeba ndiye anayeujua, na sauti yake inastahili kusikilizwa tunapozungumzia amani na kurudi nyumbani.