Gari la Haibridi: Tujue Kilicho Chini ya Kiti Kabla ya Kuchukua Mkopo



Katika semina zetu za akiba na mikopo tumezoea kuulizwa habari za ng'ombe wa maziwa, matangi ya maji, karo na mashamba. Siku hizi kuna swali lingine ambalo halikosi, hasa kutoka kwa vijana: je, gari la haibridi ni la kununua? Wengine wameambiwa kwamba gari hilo halinywi petroli. Wengine wameambiwa ni mtego, kwamba betri ikifa umekwisha. Sisi si mafundi wa magari. Lakini tumekaa na mafundi, tumekaa na madereva, na tumekaa pia katika kikao kimoja kigumu cha wadhamini, na tumeona afadhali tuandike yale tuliyojifunza.

Kikao hicho tukieleze kwanza. Mwaka 2022 kijana mmoja wa parokia, mwanakwaya na mtu wa bidii, alichukua mkopo wa miezi 48 katika chama chake akanunua Toyota Aqua iliyotoka Japani, apate kufanya kazi ya teksi za kuitwa kwa simu huko Nairobi. Wadhamini walikuwa watatu. Miezi kumi na moja alilipa bila kukosa, na alituonyesha kwa furaha jinsi gharama ya petroli ilivyokuwa ndogo. Mwezi wa kumi na mbili, tayari ni 2023, taa za tahadhari ziliwaka na gari likakataa kwenda. Fundi akamwambia betri kubwa imekufa, na ya kuweka badala yake ni shilingi 150,000. Hakuwa nazo. Gari lililala gerejini miezi minne, lakini mkopo haukulala. Chama kikaanza kukata akiba za wadhamini. Mmoja wao, mama mjane anayeuza mboga sokoni, alisema mbele yetu sote: "Hilo gari sijalipanda hata siku moja, na ndio mimi nalilipa."

Kijana huyu hakuwa mvivu wala mwongo. Alinunua kitu ambacho hakuelewa, na sisi tuliopitisha mkopo pia hatukuelewa.

NG'OMBE WAWILI, PLAU MOJA

Neno haibridi si geni kwa wakulima wetu, maana wanalijua kwa mbegu za mahindi. Ni mchanganyiko wa aina mbili. Gari hili lina injini ya petroli kama magari mengine, na tena lina mota ya stima. Ni kama ng'ombe wawili waliofungwa kwa plau moja. Mmoja ni mkubwa na mwenye nguvu, lakini mlafi, na hula hata akiwa amesimama. Mwingine ni mdogo, hachoki kuanza na kusimama, na akisimama hali kitu. Kompyuta ya gari ndiyo mchungaji: inaamua kila dakika ni nani avute, au wavute pamoja.

Toyota walianza kuuza Prius huko Japani Desemba 1997, nayo ndiyo iliyolifanya gari la aina hii kutengenezwa kwa wingi. Aqua ilifuata Desemba 2011. Barabarani kwetu tunaziona pia Honda Fit na Vezel za haibridi, na Nissan Note e-Power iliyotoka 2016. Hiyo e-Power iko tofauti kidogo: injini yake ya petroli haisukumi magurudumu hata kidogo. Kazi yake ni kuzalisha stima tu, kama jenereta ya harusini, na mota ndiyo inayosukuma gari.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Haibridi ya kawaida haichomekwi ukutani. Ziko za kuchomekwa, kama Mitsubishi Outlander PHEV iliyoanza kuuzwa 2013, lakini hizo ni habari nyingine. Aqua ya kawaida haina mahali pa kuchomeka waya wa kuchaji betri kubwa. Stima yake yote, hata ile inayoendesha gari kimya kimya ukitoka kwa geti la kanisa, imetokana na petroli uliyonunua wewe mwenyewe. Aliyekwambia gari hilo linatembea bure alikudanganya.

Basi akiba inatoka wapi? Inatoka kwa kile ambacho magari mengine hutupa.

Wale wa umri wetu wanaikumbuka dainamo ya baiskeli. Ukiisukuma igusane na tairi, taa inawaka, lakini miguu nayo inasikia uzito. Dainamo imechukua mwendo wako ikaugeuza kuwa stima. Gari la haibridi hufanya hivyo unapokanyaga breki au unapoondoa mguu kwa mafuta. Mota inageuka kuwa dainamo, magurudumu yanasikia uzito, gari linapunguza mwendo, na stima inaingia kwa betri. Katika gari la kawaida mwendo huo unageuka joto la breki na kupotea hewani. Aliyewahi kunusa breki za lori likiteremka anajua tunachosema. Ndiyo maana pia breki za haibridi hukawia kwisha.

Jambo la pili, injini huzimwa gari likisimama. Katika msongamano wa Thika Road saa kumi na mbili jioni, matatu iliyo kando yako inachoma mafuta ikingoja, na wewe huchomi. Tena injini yenyewe imeundwa ili ikamue zaidi kutoka kwa kila tone, ingawa jambo hilo linaifanya kuwa dhaifu wakati wa kuondoka. Udhaifu huo unazibwa na mota.

Ukiyaelewa hayo, utaona mwenyewe ni wapi gari hili linafaidi na wapi halifaidi. Linafaidi mahali pa kusimama na kuondoka, yaani mjini. Kwa safari ndefu ya mwendo mmoja, kama Mombasa Road usiku, hakuna breki za kuvuna wala mahali pa kuzima injini, na faida inapungua sana.

Na mteremko je? Betri ya Aqua ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ina vipande 20 vya seli vilivyofuatana, volti 144 kwa jumla, na hata ikijaa kabisa stima yake haifiki uniti moja ya zile tunazonunua kwa tokeni. Ukitumia betri peke yake, utakwenda kilomita moja au mbili kwa mwendo wa pole. Kwa hivyo ukiteremka kwenda Mai Mahiu, betri itajaa kabla hujafika chini, na baada ya hapo hakuna pa kuweka stima. Ndipo herufi B iliyo kwenye gia ina kazi: inaifanya injini isaidie kuzuia gari ili breki zisichemke. Tumewauliza madereva kadhaa herufi hiyo ni ya nini. Mmoja alituambia ni "bonde".

TUPIGE HESABU

Tuchukue petroli kwa shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe rahisi. Bei hubadilika kila tarehe 14 EPRA wakitangaza, na tunakumbuka Septemba 2023 ilivyopita shilingi 200 Nairobi, kwa hivyo kila mtu aweke bei ya mwezi wake. Tuseme pia gari la kawaida linakwenda kilomita 12 kwa lita moja mjini, na haibridi kilomita 20. Usiamini zile namba za juu za karatasi za Japani. Zilipimwa katika chumba cha majaribio, si Gikomba.

Dereva wa teksi anayekwenda kilomita 150 kwa siku, siku 25, amekwenda kilomita 3,750 kwa mwezi. Gari la kawaida litataka lita 312 na nusu. Haibridi itataka lita 187 na nusu. Tofauti ni lita 125, yaani shilingi 22,500 kila mwezi.

Sasa tumchukue mwalimu wa kijijini anayekwenda kilomita 400 kwa mwezi, sokoni, shuleni na kanisani. Tofauti yake ni lita 13 na kidogo, yaani shilingi 2,400. Na hizo ni hesabu za mjini, nasi tunajua barabara yake ni ya murram na milima. Ikiwa betri itamdai shilingi 150,000 kama ilivyomdai kijana wetu, dereva wa teksi atakuwa ameokoa pesa hizo katika miezi saba. Mwalimu atahitaji zaidi ya miaka mitano. Tena gari linalosimama muda mrefu bila kuwashwa huiharibu betri, kwa sababu betri hiyo hupungua yenyewe ikikaa, na haina chaja nyingine ila gari lenyewe. Kwa mwalimu tunasema wazi: anunue gari la kawaida lililo zima, tena lililoinuka kidogo, na pesa zinazobaki ajengee tangi.

UMRI WA BETRI NA UMRI WA MKOPO

Hili ndilo hatukuliona katika kikao cha mkopo mwaka ule. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Wengi hununua yaliyokaribia mwisho huo kwa sababu ni rahisi. Basi gari linafika Mombasa likiwa na miaka saba, na betri yake nayo ina miaka saba. Weka juu yake mkopo wa miaka minne. Kufikia siku ya kumaliza mkopo, betri itakuwa na miaka kumi na mmoja. Kuna zinazofika huko na kupita. Lakini mtu akipanga malipo ya miezi 48 bila kuweka chochote kando kwa ajili ya betri, anawaachia wadhamini wake kamari.

Betri za haibridi hazifi kwa umri peke yake. Joto linaziua upesi. Pembeni au chini ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye wavu, ambalo abiria hudhani ni la redio. Hapo ndipo hewa inapoingia kupoza betri, kwa feni ndogo. Vumbi la murram likijaa hapo, au ukipanga magunia ya kabichi mbele ya tundu hilo, betri inachemka. Kusafisha ule wavu ni kazi ya nusu saa. Gari la yule kijana lilipofunguliwa, feni ilikuwa imefunikwa na vumbi na nywele kama blanketi. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Na kwa kuwa seli zimefuatana kama mnyororo, moja ikidhoofika inazivuta zingine. Wako mafundi wanaotoa ile mbovu moja na kuweka nyingine iliyotumika, kwa bei ya chini. Gari litaondoka, kweli. Lakini Injili imetuambia habari ya kiraka kipya kwa vazi kuukuu, na hapa ni kiraka kikuukuu. Baada ya muda seli nyingine itafuata. Kama ni kuuza gari kesho, sawa. Kama ni kazi ya kulipa mkopo, tafuta betri nzima.

Unapokwenda kwa yadi usikubali kuzungushwa mtaa mmoja tu. Makosa yaliyo kwa kompyuta yanaweza kufutwa asubuhi ya kuuza, na taa hurudi baada ya mwendo. Endesha nusu saa, panda mlima ukiwa na watu wanne ndani. Ukiona kipimo cha betri kinaruka juu na kushuka upesi upesi, au feni inavuma sana nyuma ya kiti, hiyo betri imechoka. Nenda na fundi wako, si fundi wa yadi, mwenye kompyuta ya kusoma volti za betri kipande kwa kipande, na mwombe akuandikie alichokiona.

Neno moja kwa mafundi wetu wa jua kali, tunaowapenda: waya nene za rangi ya machungwa zina stima ya kuua. Katika Aqua mitambo huipandisha hadi volti 520. Asiyefunzwa kazi hiyo asizikate wala asifungue kifuniko cha betri, hata akiwa amezima gari.

Baada ya mambo ya 2023, kamati ya mikopo iliongeza mambo mawili kwa fomu ya anayeomba pesa za haibridi. La kwanza ni karatasi ya fundi ya kupima betri. La pili ni shilingi 3,000 kila mwezi katika akaunti ya pembeni, isiyoguswa ila kwa betri. Vijana wengine walinung'unika. Wawili walikwenda kutafuta mkopo kwingine. Yule kijana wa kwanza aliweka betri nyingine kwa msaada wa ndugu zake akarudi kazini, na gari bado linatembea. Wadhamini wawili walirudishiwa akiba zao zote. Mama wa mboga bado anadai kidogo, na kila mwisho wa mwezi anapita ofisini kuangalia kitabu.