Samaki Wachanga Wasiohesabiwa: Kisa cha Chewa wa Kaskazini

Tarehe 2 Julai 1992, Waziri wa Uvuvi wa Kanada, John Crosbie, alitangaza kwamba uvuvi wa chewa katika bahari ya mashariki ya kisiwa cha Newfoundland umesimamishwa. Amri hiyo ilikuwa ya miaka miwili. Watu wapatao 30,000, wavuvi pamoja na wafanyakazi wa viwanda vya samaki, walipoteza kazi zao. Miaka miwili ilipokwisha samaki hawakuwa wamerudi, na amri ikaendelea hata ikatimiza miaka 32. Ilipofika mwaka 2024 ndipo Serikali ya nchi hiyo iliporuhusu tena uvuvi wa biashara, kwa kiwango cha tani 18,000 kwa mwaka. Mwaka 1968 bahari hiyo hiyo ilikuwa imetoa tani zinazokaribia 800,000.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kuwa ni kisa cha uroho wa meli kubwa. Uroho ulikuwapo, hapana shaka. Lakini liko jambo la pili ambalo makatibu wa vyama watalielewa upesi kuliko watu wengine, nalo ni jambo la daftari. Katika bahari za kaskazini idadi kubwa ya samaki waliouawa haikupata kuandikwa mahali popote. Waliokuwa wakipanga kiasi cha kuvua walisoma hesabu za samaki waliofika bandarini, na samaki mchanga aliyetupwa baharini akiwa amekufa hakuwa na safu yake katika hesabu hizo.

Chewa anayezungumzwa hapa si yule wa miambani anayefahamika kwa wavuvi wa Pwani, ijapokuwa kamusi huwapa jina moja. Huyu ni samaki wa maji baridi mwenye nyama nyeupe, ambaye kwa karne nyingi alikaushwa kwa chumvi na kusafirishwa nchi za mbali. Jike mkubwa aweza kutaga mamilioni ya mayai katika msimu mmoja, na kwa sababu hiyo watu wa zamani waliamini kwamba chewa hawezi kwisha. Imani hiyo ilisahau mambo mawili. Kwanza, karibu mayai yote huliwa au hupotea kabla ya kuwa samaki. Pili, chewa huchukua muda kukomaa. Katika Bahari ya Kaskazini, iliyoko kati ya Uingereza na Norwei, huanza kutaga akiwa na umri wa miaka 3 au 4. Huko Newfoundland, kwenye maji ya baridi zaidi, hukawia hadi miaka 5 au zaidi. Tena majike wakubwa, waliokwisha taga misimu kadhaa, ndio wenye mayai mengi na yaliyo bora. Basi chewa anayenaswa akiwa na miaka miwili hufa bila kuacha hata mtoto mmoja. Mkulima anayekula mbegu yake mwezi wa Oktoba haoni upungufu wowote mwezi huo.

Ili kuelewa kwa nini samaki wachanga hunaswa, hapana budi kuutazama wavu wenyewe. Wavu wa kukokota ni mfuko mkubwa unaovutwa na meli kwa nyaya mbili ndefu. Mdomo wake hutanuliwa na vibao viwili vizito, kimoja kila upande, ambavyo husukumwa na maji kwenda nje kadiri meli inavyokwenda. Ukingo wa chini huburura sakafuni mwa bahari, mara nyingi ukiwa na magurudumu ya kuupitisha juu ya mawe. Samaki hukimbia mbele ya mdomo huo mpaka wachoke, kisha hurudi nyuma na kukusanyika katika mkia wa mfuko. Kazi hiyo huendelea kwa saa kadhaa kabla ya wavu kupandishwa.

Sheria huweka kipimo cha matundu ya mkia ili wadogo wapate kutoka. Katika Bahari ya Kaskazini kipimo cha nyavu za chewa kilikuwa milimita 100, na mwaka 2002 kikapandishwa hadi 120. Mkaguzi huingiza kipimo chake katika tundu, wavu ukiwa umetandazwa sitahani, naye huridhika. Lakini tundu la kawaida lina umbo la almasi, yaani pembe nne zilizosimama kwa ncha, na wavu uvutwapo kwa nguvu ukiwa na mzigo, pembe hizo hubanana na tundu hufumba. Aidha, mkia ukisha kujaa, waliotangulia huziba njia ya wanaofuata. Tundu lililopimwa mezani silo lililomo majini. Hivyo mvuvi aweza kuwa na wavu halali kabisa na bado akapandisha samaki wachanga kwa maelfu.

Wapo wanaofikiri kwamba hasara hiyo ni ndogo, kwa kuwa mdogo aweza kurudishwa baharini. Kwa chewa hilo ni neno tu. Samaki huyu ana kibofu cha hewa tumboni, na akivutwa upesi kutoka kina kirefu hewa hiyo hutanuka mpaka kibofu hupasuka. Atupwaye huelea juu akiwa amekufa au mahututi, na shakwe humaliza kazi. Waliowahi kusafiri na meli hizo hueleza habari za wingu la ndege lifuatalo nyuma ya meli kila wavu upandishwapo.

Sasa, kwa nini atupwe samaki ambaye amekwisha kufa na analika? Swali hili ndilo kiini cha jambo, na jibu lake si kwamba wavuvi ni watu waovu. Mwaka 1983 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana juu ya sera moja ya uvuvi. Kila nchi ilipewa mgao wake wa kila aina ya samaki, nayo ikaugawa kwa meli zake. Pamoja na mgao uliwekwa urefu wa chini wa samaki anayeruhusiwa kuletwa nchi kavu. Kwa chewa ilikuwa sentimita 35. Katika karatasi mpango huo ni mzuri. Lakini chewa huishi pamoja na hadoki na samaki wengine, na wavu hauchagui. Nahodha aliyebakiwa na mgao wa hadoki na kumaliza wa chewa aliendelea kuvua hadoki, na chewa wakapanda pamoja nao. Kuwaleta bandarini lilikuwa kosa la kushtakiwa. Kuwatupa halikuwa kosa. Sheria ilikataza kufikisha, haikukataza kuua. Na mvuvi aliyeitii barabara ndiye aliyetupa zaidi. Wengine nao walitupa wadogo hata kama walikuwa halali, ili mgao wao ujazwe na wakubwa wenye bei nzuri.

Mwaka 1994 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa makadirio kwamba samaki wanaotupwa baharini duniani kote wanafikia tani milioni 27 kwa mwaka. Makadirio ya mwaka 2005 yalikuwa tani milioni 7.3, na yale ya mwaka 2019 yalikuwa karibu tani milioni 9. Njia za kuhesabu zilitofautiana, kwa hiyo haifai kusema tu kwamba tatizo lilipungua kwa tofauti hiyo. Hata hivyo zote zinaonyesha kwamba chakula kinachotupwa si cha kupuuzwa.

Madhara makubwa zaidi yako katika hesabu. Chukulia meli iliyopandisha tani 10, ikaleta 6 na kutupa 4 za wachanga. Daftari la bandari litasema 6. Mtaalamu anayekadiria akiba iliyobaki baharini atazitoa 6, na zile 4 atazidhani bado zinaogelea na kukua. Mwaka ujao atashauri mgao mkubwa kuliko unaostahili. Samaki wa umri huo wakikosekana, atasema labda kizazi hicho kilizaliwa dhaifu, au maji yalikuwa baridi. Kosa la mwaka mmoja huingia katika hesabu ya mwaka wa pili, likazidi kukua.

Huko Newfoundland kasoro za hesabu zilikuwa za namna zaidi ya moja. Tangu mwaka 1954, meli ya Kiingereza iitwayo Fairtry ilipoanza kuvua huko ikiwa na kiwanda na mitambo ya kugandisha samaki ndani yake, meli za mataifa mengi zilifuata mfano huo. Mwaka 1977 Kanada ilitwaa mamlaka ya maili 200 kutoka pwani yake, na meli nyingi za kigeni zikaondoka. Wananchi walishangilia. Lakini mahali pa wageni palichukuliwa na meli za kukokota za Kanada yenyewe, na wataalamu wakategemea mno mapato ya meli hizo kwa kila saa ya kuvua. Mapato hayo yaliendelea kuonekana mazuri kwa sababu chewa, kadiri walivyopungua, ndivyo walivyojikusanya mahali pachache, na manahodha wenye vyombo vya kisasa waliwafuata huko huko. Wavuvi wa mashua ndogo za pwani walikuwa wakilalamika katika miaka ya 1980 kwamba samaki wanapungua na wanazidi kuwa wadogo. Malalamiko yao hayakuwa katika majedwali, hivyo hayakupewa uzito. Kamati iliyoongozwa na Leslie Harris ilipotoa taarifa yake mwaka 1990, ilikiri kwamba akiba ya chewa ilikuwa imekadiriwa kupita kiasi. Wako waliolaumu baridi kali ya maji ya miaka ile, na huenda ilichangia. Lakini wataalamu kama Jeffrey Hutchings na Ransom Myers walionyesha baadaye kwamba uvuvi wa kupindukia ndio uliokuwa chanzo kikuu.

Norwei ilichukua njia nyingine, na katika njia hiyo chama cha ushirika kina nafasi kubwa. Wavuvi wa kaskazini mwa nchi hiyo wana chama chao cha mauzo, Norges Råfisklag, kilichoanzishwa mwaka 1938 baada ya miaka ya bei mbovu. Sheria ilikipa haki ya kusimamia uuzaji wa kwanza wa samaki katika eneo lake na kupanga bei ya chini. Mnunuzi hawezi kumzunguka mvuvi mmoja mmoja. Samaki hupita katika daftari la chama. Kwa hiyo, Norwei ilipopiga marufuku kutupa chewa na hadoki mwaka 1987, mizani na vitabu vya kuitekeleza amri hiyo vilikuwapo tayari.

Namna ya kushughulikia samaki wa ziada inastahili kuangaliwa. Mvuvi aliyepita mgao wake hulazimika kuwaleta samaki wote. Chama huwauza, na fedha hubaki kwa chama. Mvuvi hupewa sehemu tu, kwa kawaida asilimia 20. Fedha hiyo yatosha kumlipa gharama ya kuwaleta, lakini haitoshi kumshawishi awavue kusudi. Kiwango hicho kimefikiriwa vizuri: kingekuwa sifuri samaki wangetupwa usiku, na kingekuwa bei kamili mgao usingekuwa na maana.

Marufuku peke yake haikutosha. Tangu mwaka 1984 Norwei imekuwa ikifunga maeneo ya Bahari ya Barents mara inapogundulika kwamba wachanga wamezidi katika nyavu. Mwaka 1997 nyavu za kukokota chewa katika bahari hiyo zililazimishwa kuwa na fremu ya nondo mbele ya mkia, ambayo hupitisha wadogo nje kabla ya kubanwa. Fremu iliyotangulia kutumika katika nyavu za kamba ilibuniwa na mvuvi wa pwani, si na mtaalamu wa chuo, naye alikuwa akitafuta njia ya kuwaondoa konyeza waliomjazia wavu. Akiba ya chewa wa Barents ilipanda hata mgao wa mwaka 2013 ukafikia tani milioni moja. Tangu hapo imeshuka tena, na mgao wa mwaka 2025 ulikuwa tani 340,000. Bahari haiahidi kitu. Ila Norwei imeuona upungufu huo mapema na kupunguza mgao, jambo ambalo Newfoundland haikuliwahi.

Umoja wa Ulaya nao ulibadili sheria yake mwaka 2013 na kuamuru kwamba samaki wenye mgao waletwe wote nchi kavu, amri iliyotekelezwa kwa hatua kati ya mwaka 2015 na 2019. Utekelezaji umekuwa dhaifu, kwa kuwa ni vigumu kumlinda nahodha usiku katikati ya bahari ikiwa hakuna faida kwake kusema kweli.

Pwani ya Afrika Mashariki haina chewa wa kaskazini, bali inazifahamu nyavu za kukokota. Meli za kamba hutumia matundu madogo kwa sababu kamba wenyewe ni wadogo, na samaki wanaopanda pamoja nao ni wengi, wachanga wakiwamo. Malalamiko ya wavuvi wadogo katika Ghuba ya Ungwana yalisababisha Kenya isimamishe meli hizo mwaka 2006 kwa miaka kadhaa. Hapa pia mvuvi wa mtumbwi hujua habari ambazo hazimo katika jedwali lolote, nayo stakabadhi ya chama chake ndiyo karatasi pekee iwezayo kuzifikisha mbele.

Karatasi inayotumika Norwei ni ya kawaida sana. Kila shehena ikipokelewa hujazwa hati moja ya mauzo yenye jina la chombo, aina ya samaki, uzito wake, daraja lake kwa ukubwa, zana iliyotumika na eneo alikovuliwa. Mvuvi hutia sahihi na mnunuzi hutia sahihi. Katika chama ambacho kitabu cha mapokezi kina safu ya uzito na bei tu, katibu aweza kuongeza safu ya ukubwa na ya mahali kwa kalamu na rula, kuanzia ukurasa ufuatao.