Barua juu ya minervali: sheria inasema nini?

Wadogo zetu wanaosoma Bukavu, wakirudi likizo huku Luvungi, wananiuliza: "Mukubwa, tukisaini barua juu ya minervali, hawatatukata pointi?"

Woga huo haukuanza jana. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium, kule Kinshasa, waliandamana juu ya bursi. Askari wakawapiga risasi. Mwaka 1971 wenzao wakataka kuwakumbuka waliokufa. Mobutu akawaingiza jeshini kwa nguvu, na chuo kikamezwa na UNAZA. Yaani hata kuomboleza kulikuwa kosa!

Leo Katiba ya 2006, ibara ya 27, inasema vingine: kila Mkongomani anaweza kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inajibu ndani ya miezi mitatu. Hakuna wa kushitakiwa juu ya kuandika.

Pointi, ibara haikuzitaja, na ni hapo wanapotufinyia. Kwa hiyo musimuache chifu wa promosheni asaini peke yake. Sainini wote, mubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila tarehe, hiyo miezi mitatu mutaihesabu toka wapi?