Achana na Nafasi ya Chuo, Tafuta Idara

Dirisha la maombi ya uzamili na uzamivu likifunguliwa tu, simu yangu hujaa skrinshoti. Jedwali la nafasi za vyuo ni lile lile, jina la chuo limezungushiwa duara jekundu, na swali halibadiliki: "Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka huu ni cha ngapi Afrika? Naona kimeshuka. Niombe hapo au nitafute nje?" Wanaouliza ni wazazi, ni watumishi wa serikali waliopata ruhusa ya kwenda masomoni, na safari hii alikuwemo mhadhiri msaidizi, mtu ambaye kwa kweli alipaswa kujua zaidi. Mimi ni mkutubi wa utafiti. Kazi yangu ni kufuatilia nani kaandika nini, wapi, na nani kamnukuu. Basi najibu mara moja kwa wote: sijui ni cha ngapi, na hata ningejua, jibu lisingekusaidia kuchagua pa kusoma.

Chuo kikubwa cha umma kina sheria, jiolojia, fonetiki, uhandisi wa maji na samaki chini ya jina moja. Kuuliza kama chuo hicho ni kizuri kwa utafiti ni kama kuuliza kama Kariakoo ni duka zuri. Inategemea umefuata nini. Idara moja inaweza kuwa miongoni mwa zinazoongoza duniani katika jambo lake dogo, na ghorofa ya juu yake kukawa na idara ambayo haijachapisha kitu cha maana kwa miaka. Ukizijumlisha na kuzigawanya kwa mbili unapata namba isiyoelezea yoyote kati ya hizo.

Sasa tulifungue hilo jedwali, maana naona watu wanaliamini kuliko matokeo ya maabara.

Linalosambazwa zaidi kwetu ni la Webometrics, lililoanzishwa mwaka 2004 na maabara moja ya CSIC, baraza la utafiti la Hispania. Kwa miaka mingi limetolewa mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, ndiyo maana chuo huweza "kushuka" ndani ya miezi sita bila mwalimu hata mmoja kuondoka. Nusu ya alama zake hutokana na tovuti nyingine duniani zinavyoelekeza wasomaji kwenye tovuti ya chuo. Nusu! Hazitokani na maabara, wala ufundishaji, wala tasnifu zilizosimamiwa vizuri. Zinatokana na viungo vya mtandaoni. Chuo kikibadili anwani ya tovuti yake bila uangalifu, kinaporomoka, na mzazi kule Singida anaanza kuamini kwamba maprofesa wamekuwa wajinga. Waanzilishi wenyewe hawakuficha kitu: walitaka kuvihimiza vyuo viweke kazi zao wazi mtandaoni, na hilo ni lengo jema. Sisi ndio tuliolichukua rungu la kuhimiza tovuti tukaligeuza mizani ya akili za watu.

La QS lina tatizo lake. Kwa muda mrefu asilimia 40 ya alama zake zilitokana na dodoso linalowataka wanataaluma wa nchi mbalimbali wataje vyuo wanavyoviona bora katika fani zao. Kuanzia toleo la 2024 wakashusha hadi asilimia 30. Mwanataaluma aliyeko Toronto au Seoul atataja vyuo anavyovijua, na anavijua kwa sababu vilitajwa jana. La Shanghai, lililoanza 2003, huweka asilimia 30 ya alama kwenye tuzo za Nobel na medali za Fields walizopata wahitimu na walimu wa chuo. Kwa chuo chochote cha Tanzania, sehemu hiyo ni sifuri kabla hujafungua mlango wa maabara.

Wakisikia haya, wabishi huniambia: sawa, lakini kunukuliwa hakudanganyi, makala ikinukuliwa sana, basi ni nzuri. Mwaka 2015 jarida la Physical Review Letters lilichapisha makala kuhusu uzito wa chembe ya Higgs, kazi ya wanafizikia wa CERN. Ilikuwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa 33, kurasa 24 zilijaa majina yao na vyuo vyao. Chuo kilichokuwa na mtu mmoja tu katika umati huo kiliweza kujihesabia manukuu yote. Mwaka huo huo waandaaji wa jedwali la Times Higher Education wakaamua kuziondoa kwenye hesabu makala zenye waandishi zaidi ya 1,000, kwa sababu zilikuwa zikiinua vyuo vidogo kupita kimo chao. Yaani wenye mizani wenyewe walikiri kwamba mizani imepinda. Hilo halikuwahi kufika kwenye vikundi vya WhatsApp.

Upande wa pili ni kile ambacho mizani hiyo haikioni kabisa, na hapa nataka kusimama kidogo.

Mwaka 1996, mradi wa umeme wa Kihansi ukiendelea kujengwa kwenye Milima ya Udzungwa, alipatikana chura ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Ni wa manjano, hafiki urefu wa sentimita tatu, anaishi kwenye majani yanayoloweshwa na mvuke wa maporomoko, na hazai kwa kutaga mayai bali anatoa vitoto vilivyokamilika. Eneo lake lote lilikuwa dogo kuliko viwanja vichache vya mpira. Alielezwa rasmi mwaka 1999 kwa jina la Nectophrynoides asperginis, na mmoja wa waandishi wanne alikuwa Kim Howell, mwalimu wa zoolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo ya megawati 180, ule mvuke ulikauka. Viliwekwa vinyunyizio vya kuiga maporomoko. Kisha ugonjwa wa kuvu ukaonekana, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia walikuwa uzao wa vyura karibu 500 waliokuwa wamepelekwa Marekani na kutunzwa kwenye bustani za wanyama, zikiwemo za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 baadhi yao walirudishwa Dar es Salaam, wakawekwa kwenye kituo maalum chuoni, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Kwa nini idara ya Howell iliweza kushika kazi kama hii? Si kwa sababu ya bajeti ya mwaka 1996. Walikuwepo watu waliokuwa wametumia miaka mingi wakikusanya vyura, mijusi na popo wa misitu ya mashariki, wakiwapeleka wanafunzi porini na kuhifadhi vielelezo vyenye tarehe na mahali vilipookotwa. Huo ndio uwezo wa utafiti: mkusanyiko, mazoea, na watu wanaojua wanachokitazama. Sasa niambie, makala inayoeleza chura wa bonde moja, iliyotoka kwenye jarida la wataalamu wa vyura na mijusi, inanukuliwa na nani? Watu wa vyura, na hao si wengi. Katika jedwali lako, kazi hiyo haipo.

Kama hayumo chura, haimo pia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, iliyotengenezwa na TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo leo imo ndani ya TATAKI. Hakuna shule wala chumba cha habari nchini ambacho hakijawahi kuiegemea, lakini kamusi si makala ya jarida. Haimo Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009, zao la mradi wa wanaisimu wa chuo hicho hicho waliokwenda hadi vijijini kuuliza watu wanazungumza lugha gani. Haimo kazi ya Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi iliyoongozwa na Issa Shivji wa kitivo cha sheria kuanzia 1991, ripoti ambayo mjadala wa sheria za ardhi za 1999 haueleweki bila kuisoma. Na mwani? Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea, alikuwa akihubiri kilimo chake tangu miaka ya 1970, kabla ya kilimo hicho kushika kasi ya kibiashara Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye joto la bahari lilipoanza kuua aina ya mwani iitwayo kotonii kwenye maji mafupi, Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar alikuwa kwenye fukwe na wakulima, wengi wao wanawake, wakijaribu nyavu za mfano wa bomba ili mwani uoteshwe kwenye kina kirefu zaidi. Nani alihesabu hilo?

Msidhani natetea kila kitu. Uwezo wa idara hufa pia. Idara ya historia ya Dar es Salaam ya miaka ya 1960 ilikuwa jina kubwa: Terence Ranger, Isaria Kimambo, Arnold Temu, Walter Rodney, na mradi wa 1968 uliowatuma wanafunzi vijijini kukusanya simulizi za Vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Ranger aliondoka 1969. Rodney alirudi Guyana 1974. Nakutana na watu wanaoomba nafasi leo kwa sababu ya sifa ya watu walioondoka kabla wao hawajazaliwa. Na zipo fani zilizohama mzima mzima: kilimo kiligeuka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mwaka 1984, na mwaka 2007 Muhimbili na Ardhi zikawa vyuo vinavyojitegemea. Bado napata ujumbe wa mtu anayetaka kufanya uzamivu wa vimelea vya malaria wodini, na anahesabu nafasi ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huku hospitali na walimu wa Muhimbili anaowahitaji wako Upanga.

Halafu kuna kurasa za idara zenye orodha ya "maeneo ya utafiti". Zisomeni kwa tahadhari. Mhadhiri mmoja anaandika mabadiliko ya tabianchi, jinsia, TEHAMA, ujasiriamali na usalama wa chakula, vyote vyake. Hiyo ni orodha ya mambo ambayo wafadhili wamewahi kutoa pesa.

Haya, la kufanya, kwa haraka. Anza na swali lako la utafiti, sentensi moja. Kama huna, usiombe uzamivu bado. Ingia kwenye hifadhi ya tasnifu ya maktaba ya chuo, utafute zilizokamilika miaka mitano iliyopita kwenye mada yako, uone jina gani la msimamizi linajirudia. Tasnifu zilizokamilika zinasema mengi kuliko makala, kwa sababu msimamizi anaweza kuchapisha sana na wanafunzi wake wakakwama miaka tisa. Tazama makala zake za karibuni: ni mwandishi mkuu au jina la kumi na saba? Uliza kuna nini cha kugusa: mkusanyiko wa mimea mikavu, mashine inayofanya kazi (uliza kama inafanya kazi, si kama ipo), boti, nyaraka, takwimu. Uliza mradi unaolipa gharama unaisha lini na msimamizi anastaafu lini. Tafuta wanafunzi wawili waliopo, mmoja anayemaliza na mmoja aliyekwama, uwanunulie chai. Usisahau matawi: bahari inaweza kuwa Buyu au Kunduchi huku wewe unazunguka Mlimani. TCU, tume ya vyuo vikuu, itakwambia kama programu ina ithibati; hilo ni la lazima, ila ithibati haina maana kwamba yupo mtu wa kukusimamia. Na jarida au "tuzo ya kimataifa" inayokuandikia yenyewe na kukudai dola, futa.

Ukishampata mtu, mwandikie barua pepe fupi, isizidi aya tatu. Taja kazi yake moja uliyoisoma kweli na swali lako moja. "Shikamoo Profesa, naomba unisaidie mada" si barua, ni mzigo. Asipojibu ndani ya wiki mbili, tuma tena mara moja, kisha pitia kwa mkuu wa idara.

Nanyi wahadhiri mnaosoma hapa, nina ombi moja. Leo jioni fungueni kurasa zenu za idara, mfute kila mada ambayo hamjaigusa tangu mmalize uzamivu, kisha mweke majina ya tasnifu tatu za mwisho mlizosimamia zikakamilika.