Kabla ya kumng'oa mbunge, chunguza kura yake
MKAZI wa Kariobangi anayetaka kumng'oa mbunge kwa ajili ya kodi hana budi kujua anakabiliana na nani. Kariobangi Kaskazini imo katika eneobunge la Embakasi Kaskazini, ilhali Kariobangi Kusini imo Embakasi Magharibi, ambako George Theuri alibwagwa na Mark Mwenje mwaka wa 2022.

Uzoaji taka ni jukumu la kaunti. Kodi za kitaifa na bajeti ya serikali kuu, hata hivyo, huidhinishwa na wabunge.

Mnamo Juni 25, 2024, wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, 106 wakaupinga. Waandamanaji waliuawa, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi.

Mpinzani basi aanze na swali moja: wewe ulipiga kura gani?